Tupeane uzoefu: kipindi gani cha redio kilikuchekesha mpaka ukapigwa?

Mtoto wa Reli: Jana nimepita kwa fundi hapa Tororo nikakuta redio kama ile ya marehemu baba, moyo ukashtuka. Nyie wa mpakani mnakumbuka vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi? Radio Uganda kwetu ilikuwa ya habari na matangazo ya vifo, kicheko tulikitafuta Dar usiku, sauti inakuja inakwenda, mzee ameshika erio kama anavua samaki, na Pwagu akifika tu penye utamu, shwaaaa. Leteni zenu.

Binti Bombo: Hiyo shwaaa, wallahi!

Dereva Mstaafu: Pwagu ilikuwa Sauti ya Kenya.

Mtoto wa Reli: Hapana mzee wangu, ni Radio Tanzania. Sauti ya Kenya tulimsikiliza Mambo Mbotela na kipindi chake, "Je, Huu ni Ungwana?"

Dereva Mstaafu: Mbotela hakuwa wa vichekesho, alifundisha adabu. Kijana usinifundishe redio.

Mama Hadija: Alifundisha ndiyo lakini sisi tulikufa kwa kicheko, maana akitaja tabia mbaya nyumba nzima inageuka kumwangalia mjomba. Apumzike, alituacha 2025.

Mjomba wa Busia: Ngoja niseme leo. Mwaka 1984 mawe, yaani betri, ya redio yetu yalikuwa yamekufa kabisa, tumeyaanika juu ya mabati, tumeyauma kwa meno, wapi. Na mimi nilitaka Pwagu, shuleni kesho yake kama hukusikia huna la kusema. Nikangoja babu asinzie nikatoa mawe kwenye tochi yake, nikayatia kwenye redio, tukajifunika blanketi na ndugu yangu tunacheka mdomo umezibwa. Usiku huohuo babu tumbo likamshika, akachukua tochi, anabonyeza anabonyeza, haiwaki, akasema potelea mbali njia naijua. Hakujua kwamba mchana vijana walichimba shimo la choo kipya, na halijafunikwa. Mayowe yake yaliamsha kijiji chote. Mguu ulivunjika, akatembea na fimbo mpaka alipofariki, na maisha yake yote alimlaumu mwenye duka kwamba alimuuzia mawe mabovu. Hata salamu walinyimana. Mimi niko kimya tu.

Binti Bombo: Bambi!! Na mwenye duka yuko hai?

Mjomba wa Busia: Yuko. Naogopa hata kupita pale.

Mama Hadija: Nenda ukamwombe msamaha, mbebee na kuku.

Mtu wa Malaba: Usiende. Atadai fidia ya miaka arobaini.

Binti Bombo: Kuku hatoshi, mbuzi. Na kaburini kwa babu peleka tochi ya sola haha.

Mtu wa Malaba: Mimi ni wa juzi, nilikuta mchezo wa redio Twende na Wakati, wa 1993. Mkwaju dereva wa lori, mwanamke kila kituo. Madereva hapa mpakani walicheka mwanzoni, alipopata ukimwi wakaanza kuzima redio.

Dereva Mstaafu: Si wote tulizima. Na wewe Mjomba, hiyo 1984 uliisikia kituo gani?

Mjomba wa Busia: Mzee, nilikuwa chini ya blanketi!

Mama Hadija: Sasa Pwagu siku hiyo iliishaje?

Mjomba wa Busia: Sijui. Mayowe yalianza kabla.