Mikorosho 43 ya Naliendele

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI
Jumatano

Kaka Dar: Nimeongea na wakili. Laki 5 ya kuanzia. Tukichanga, Jumatatu tunafungua kesi. Hatuwezi kukaa kimya dada yetu Mama Zai anachezewa.

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Ni ile talaka ya sms?

Shangazi Mikindani: Marhaba. Ya sms! Alipokuja kuposa alileta wazee sita. Kuacha, kidole gumba kinatosha.

Mjomba Newala: [sauti, 4:37]

Kaka Dar: Shikamoo mjomba. Andika tafadhali, niko kwenye daladala.

Mjomba Newala: [sauti, 0:03]

Binamu Masasi: Ya pili anasema hana miwani 😅 Ile ndefu nawafupishia. Hakuna senti ya wakili itakayochangwa kabla yeye hajakaa na mjomba wa yule kijana, maana posa aliipokea yeye. La talaka aulizwe shehe. Dakika mbili za mwisho ni majani yaliyojaa shambani na vibarua waliopandisha bei ya palizi.

Kaka Dar: Mambo ya wajomba yamepitwa. Siku hizi kuna sheria.

Binamu Masasi: Kaka, sheria yenyewe inakurudisha huku huku. Mimi nashinda ofisi ya kata, nayaona kila wiki. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, linaandika hati kwamba limeshindwa. Bila hati hiyo mahakama haipokei ombi la talaka, ila kwa sababu chache, kama mwenzako kakutelekeza na hujui alipo. Huyu tunajua alipo, yuko Chikongola kwa dada yake anakula wali. Na wakili hamwakilishi mtu barazani. Ndugu anaweza.

Kaka Dar: Kwa hiyo laki 5 yangu?

Shangazi Mikindani: Lipia palizi.

Dada Mkubwa: Kabla hamjafika mbali. Mama Zai, amewahi kukupiga? Kama hutaki kusema hapa niandikie pembeni. Kama kuna kipigo mimi sikai kikao na mtu, tunakwenda Dawati la Jinsia polisi leo hii.

Mama Zai: Hapana dada, hajawahi kuninyanyulia mkono. Tumechokana. Tangu pesa ya mnada wa mwisho wa korosho hatuongei. Sitaki kusimama mbele ya watu nimseme baba wa wanangu. Nataka matumizi ya watoto yajulikane, mkwe aache kusema atamchukua huyu mdogo, na nijue mikorosho ni ya nani.

Binamu Masasi: Mdogo ana miaka 3. Aliye chini ya 7 sheria inaanza kwa kudhani ni heri akae na mama. Mtu anaweza kupinga, ila awe na sababu. Na matunzo wakibishana, Afisa Ustawi wa Jamii anawaita wote wawili. Mikorosho ndiyo kazi.

Mjomba Newala: SHAMBA NI LA BIBI

Shangazi Mikindani: Miwani imepatikana.

Binamu Masasi: Ardhi ya bibi, sawa mjomba. Ila miche 43 kaipanda mume.

Mama Zai: Kapanda, ndiyo. Nani kapalilia miaka 9? Nimeokota korosho na mimba ya huyu mdogo, nimeinama tangu alfajiri. Magunia yanapimwa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, kwa jina lake, pesa inaingia akaunti yake, mimi nasikia tu majirani wamelipwa.

Dada Mkubwa: Hapo ndipo penyewe.

Binamu Masasi: Na kuokota ni jasho la wazi kabisa. Mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Mjomba amwambie mwenzake kwa upole, wasidhani tunaomba.

Kaka Dar: Sasa atang'oa miti aondoke nayo?

Mama Zai: Mimi nimewaza hivi. Nisajiliwe chamani kwa jina langu. Msimu huu yeye apime magunia nusu, mimi nusu. Misimu inayofuata anayehudumia achukue zaidi, ila gunia la kwanza ni la watoto. Hakuna wa kuuza mti. Iandikwe, tutie sahihi na mashahidi.

Kaka Dar: Kumbe umeshamaliza kesi.

Alhamisi

Mjomba Newala: [sauti, 0:09]

Binamu Masasi: Mjomba wa kule kakubali. Jumamosi baada ya alasiri, kwa Shangazi.

Mama Zai: Aje na risiti za magunia za msimu uliopita. Zote, siyo zile mbili alizonionyesha.

Shangazi Mikindani: Nachemsha ming'oko. Kwao wangapi?

Binamu Masasi: Watatu.

Kaka Dar: Niongeze na mimi, nimekata tiketi ya basi la kesho. Mjomba, palizi inataka vibarua wangapi?

Mjomba Newala: WANNE