Mati moja ya kulalia mwaka mzima: ya hewa, ya sponji, au zote mbili?

MtembeziLushoto
Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua mati ya kulalia nitakayoitumia mwaka mzima. Safari zangu nyingi ni Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae kwa miguu, hema mgongoni. Mara moja kwa mwaka napanda juu zaidi. Safari iliyopita nililala kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673, juu ya mati ya hewa tupu. Begi la kulalia lilikuwa la manyoya ya bata, limeandikwa linahimili nyuzi 10 chini ya sifuri, lakini mgongo na nyonga viliganda usiku kucha. Kifuani nilikuwa na joto, mgongoni kama nimelalia sakafu ya bucha.

Nimebaki na tatu za kuchagua. Z Lite Sol ya sponji, gramu 410, kinga ya baridi (R) 2.0. NeoAir XLite NXT ya hewa, gramu 354, R 4.5. NeoAir XTherm NXT, gramu 439, R 7.3. Bei inapanda kwa mpangilio huohuo. Nichukue ipi?

KiboJirani
Mwanangu, begi lako halina kosa. Manyoya yanatunza joto kwa sababu yameshika hewa kati yake. Ukiyalalia yanabanwa, hewa inatoka, chini yako kinabaki kitambaa tu. Kazi yote ya upande wa chini inaangukia mati. Na mati ya hewa tupu ina tabia mbaya: hewa ya ndani inazunguka, inachukua joto lako inalipeleka kwenye jiwe, kisha inarudi ikiwa baridi. Hizo NeoAir ndani zimegawanywa vyumba vidogovidogo ili hewa isizunguke ovyo, tena zina matabaka yanayong'aa ya kurudisha joto kwako.

R ni kipimo cha jinsi mati inavyozuia joto kupita. Zamani kila kiwanda kilipima kwa njia yake. Kuanzia 2020 kampuni nyingi kubwa zilihamia kipimo kimoja, ASTM F3340, kwa hiyo ukiona mati ya mtumba ya miaka ya nyuma usiilinganishe namba kwa namba na mpya.

Mimi ni mtu wa baridi, na mizani yangu ni hii: Usambara R 2 inatosha. Kambi za Kilimanjaro za Horombo na Shira nataka 4. Barafu na Kibo Hut sishuki chini ya 5. Kwa mtu anayepanda kila mwezi ningesema XTherm bila kufikiri mara mbili.

Nanyuki_Sirimon
Nakubaliana na mzee, shikamoo. Mimi hupanda Mlima Kenya na XLite, nalala kambi ya Shipton's, mita 4,200. Januari na Februari mbingu huwa wazi, na asubuhi utakuta barafu imeshika ndani ya hema. XLite imenitosha, ila usiku mmoja miwili nilivaa suruali mbili.

Jambo linalowachanganya wengi: ukijaza hewa saa tisa mchana jua likiwaka, saa tatu usiku hewa imepoa na kusinyaa. Mati inalegea, nyonga inagusa chini, unaanza kutafuta tundu ambalo halipo. Ongeza hewa kabla ya kuingia kwenye begi. Na usipulize kwa mdomo, tumia mfuko wa kujazia unaokuja nayo. Pumzi ina unyevu, na unyevu ukikaa ndani unaleta ukungu. Kelele nazo zipo, hizi mati huchakarika ukigeuka, ingawa NXT zimetulia kuliko matoleo ya zamani.

MgumuMachame
Nimebeba mizigo mlimani miaka tisa, naomba niseme upande wa mawe. Barafu hakuna udongo wa kusemea. Ni mawe bapa yaliyovunjika, kingo zake kama vigae. Nimeona mati ya mgeni ikitoboka usiku uleule wa kwenda kileleni. Saa nne usiku tunatafuta tundu kwa tochi, maji ya sabuni yanaganda mkononi, kiraka hakishiki kwa ile baridi. Mwisho tulimtandikia makoti na mabegi matupu. Alipanda akiwa hajalala hata dakika.

Sponji haina siku hiyo. Hata ikikatika vipande viwili unalalia vyote viwili. Mchana unaikalia kula, mvua ya masika ikiingia hemani unaikung'uta basi, kwa sababu vitundu vyake vimefungwa na havinywi maji. Asije mtu akakata sponji ya godoro la dukani akadhani ni kitu kimoja. Ile inafyonza kama kitambaa cha kudekia, haikauki mpaka urudi nyumbani.

MtembeziLushoto
Mkuu, hapo kwenye kutoboka umenigusa. Je, nikichukua zote mbili, Z Lite chini na XLite juu, R zinajumlishwa?

KiboJirani
Zinajumlishwa. 2.0 na 4.5 ni 6.5. Uzito gramu 764, dhidi ya 439 za XTherm peke yake. Unalipa gramu 325 ili usilale na wasiwasi.

DadaKitulo
Naongeza la sisi tunaolala ubavu. Nilijaribu sponji peke yake kwenye uwanda wa juu wa Kitulo mwezi wa saba, ule wakati nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi. Joto lilinipungukia, lakini kilichonitesa zaidi ni nyonga. Sentimita mbili za sponji kwangu ni kama hakuna kitu. Hizo NeoAir zina sentimita 7.6, unalala ubavu vizuri.

Nilichofanya baadaye: nilikata Z Lite, nikabakiza kipande cha kutoka mabegani hadi mapajani. Miguu naiwekea begi la mgongoni likiwa tupu. Uzito wa sponji umepungua karibu nusu, na mati ya hewa imepata kinga sehemu ninayoikandamiza zaidi. Kinachobaki ni kipande cha kukalia.

Nanyuki_Sirimon
Dada, hiyo ya kukata nitaiiga.

MtembeziLushoto
Nimeamua. XLite pamoja na sponji iliyokatwa kama ya dada. Usambara nitabeba XLite tu nikijua nalala kwenye nyasi, Barafu zote mbili. XTherm ni nzuri, lakini kwa usiku mbili tatu za baridi kali kwa mwaka, na mawe yale, naona nitalala kwa amani zaidi nikiwa na kitu kisichotoboka chini yangu. Ile mati yangu ya hewa tupu nani anaihitaji? Ni nzima, inafaa sehemu za joto.

MgumuMachame
Mpe kijana anayeanza kazi ya kubeba, wengi tunalala kwenye hema la jikoni juu ya sponji nyembamba sana. Nitumie ujumbe, nitamfikishia. Na ukifika Barafu, kabla hujatandika hema piga magoti upitishe kiganja eneo lote, polepole. Jiwe utakalolihisi kwa mkono ling'oe, usilifunike.