Modeli ya fyueli seli inagoma kushuka ikivuka ampea 1, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Niko masters, mradi wangu ni simulesheni ya fyueli seli ya haidrojeni (inageuza haidrojeni na oksijeni kuwa umeme na maji), zile za membreni, joto nyuzi 70, lengo nibadilishe njia za gesi ili seli itoe umeme zaidi. Sasa grafu ya volti dhidi ya ampea inalingana fresh na ya maabara mpaka karibu ampea 1 kwa sentimita mraba, ikivuka hapo data za maabara zinaporomoka, modeli yangu inateleza tu taratibu. Na njia za gesi za nyoka (zinazopinda-pinda) na zilizonyooka zinanipa majibu karibu yaleyale. Supavaiza anasema nichezee vigezo mpaka zilingane. Nifanyeje?

BwanaVolti: Umeweka maji ya kimiminika au mvuke peke yake?

Mleta uzi: Mvuke tu mkuu, kimiminika kiligoma kukonvaji, yaani hesabu haitulii kwenye jibu.

BwanaVolti: Basi mchawi wako huyo. Maji yanazaliwa kathodi, upande wa hewa, ukipandisha ampea yanazidi, yanajaza vitundu vya tabaka la kaboni, oksijeni inakosa pa kupita kuifikia platinamu inayochochea mmenyuko, volti chini. Modeli yako haina maji hayo, ndo maana njia zote unaziona sawa. Kiuhalisia ile ya nyoka inakula presha ila presha hiyohiyo inasukuma matone nje, zilizonyooka tone likiziba moja gesi inajipitia kwa jirani na tone linabaki palepale. Toyota kwenye Mirai ya 2014 upande wa hewa waliweka wavu wa 3D, kazi yake kubwa kutoa maji.

MamaHesabu: Nakazia. Na usichezee vigezo vyote kwa mpigo, kuna seti kibao zitakupa grafu ileile. Ampea ndogo zikupe kinetiki (kasi ya mmenyuko) ya kathodi, upinzani wa membreni pima kwa impidansi (kipimo cha umeme wa AC), huku mwisho kwenye ampea kubwa ndo ubaki na maji.

KijanaWaKota: Ongeza ramu ufanye 3D nzima yaishe 😂

MamaHesabu: 3D ya nini na 1D haijakaa sawa? Anza na modeli ya 1D ya Springer na wenzake ya 1991, inakokotoa maji ndani ya membreni na laptopu ya kawaida inaiweza, halafu wewe uongeze saturesheni (kiasi cha vitundu kilichojaa maji) upande wa kathodi. Kukonvaji anzia volti 0.9 ushuke kidogokidogo, jibu la hatua hii liwe mwanzo wa inayofuata.

Mleta uzi: Asanteni sana, naanza usiku huu. Unyevu wa hewa inayoingia niweke asilimia ngapi?

BwanaVolti: Uleule wa maabara mkuu, usibuni.