CAN, urea au samadi: mahindi machanga yanazeeka majani ya chini

Mkulima_Ruai: Wanajukwaa, mahindi yangu hayajafika magotini, na tayari majani mawili ya chini yamekuwa manjano kama ya mmea uliokwisha kuzaa. Nina pesa za mfuko mmoja tu wa mbolea ya kukuzia. Ninunue CAN (ile ya kalsiamu, amonia na naitreti) au urea, au nichukue samadi ya kuku kwa jirani?

Mama_Kamulu: Hujasema ulipandia mbolea gani, wala umanjano umeanzia wapi kwenye jani. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mkulima_Ruai: Samahani. Nilipanda bila mbolea. Umanjano umeanzia nchani ukafuata mshipa wa kati kwa umbo la V, huku kingo zikiwa bado na ukijani.

Afisa_Mstaafu: Hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mmea unaoikosa huvunja protini za majani yake ya chini, hasa zile zinazofanya kazi ya kunasa hewa ya kaboni, kisha huipeleka nitrojeni kwenye majani machanga, hivyo jani la chini huzeeka kabla ya siku zake kwa kuwa linakamuliwa. Ingekuwa salfa, majani machanga ndiyo yangetangulia kupauka. Ingekuwa potasiamu, kingo zingeungua kwanza. Jani lililokwisha kukauka usilisubiri lirudi ukijani, litazame lile linalochomoza.

Kijana_wa_Kabete: Basi hesabu ni rahisi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, ilhali wa CAN ya asilimia 26 una kilo 13.

Mama_Kamulu: Hesabu hiyo niliifanya mwaka mmoja wakati wa mvua za vuli. Vibarua walikuwa wameondoka, nami nikaimwaga urea juu ya udongo wenye unyevu kidogo bila kuifukia, nikiamini mvua ingenyesha jioni. Haikunyesha kwa siku tisa. Kesho yake shamba lilinuka kama banda la kuku lisilofagiliwa, nikajua kwamba nitrojeni ya urea, yaani pesa zangu, inapaa hewani. Punje zilizotumbukia kwenye moyo wa mmea ziliacha mabaka meupe, na jani la tatu likawa manjano vilevile. Tangu hapo ni CAN tu.

Kijana_wa_Kabete: Pole, dada, lakini kosa ni la kutofukia. Hata CAN ikiingia kwenye moyo wa mmea inaunguza.

Mfugaji_Njiru: Samadi mmeisahau. Mimi huyang'oa majani hayo ya manjano nikawapa mbuzi, kisha naweka samadi, na mahindi huamka.

Afisa_Mstaafu: Usiling'oe jani kabla halijakauka, ndugu yangu, maana unaondoka na nitrojeni ambayo mmea ulikuwa bado unaihamisha. Na samadi yenye maranda mengi, ikiwa haijaoza, huwafanya vijidudu vya udongo waishike nitrojeni kwanza wakati mahindi yana njaa.

Mfugaji_Njiru: Mbuzi wangu hawajalalamika.

Afisa_Mstaafu: Mkulima, udongo wako ni ule mweusi unaopasuka? Maji yalituama?

Mkulima_Ruai: Ndiyo, yalituama siku tatu upande wa chini, na huko ndiko umanjano umezidi.

Afisa_Mstaafu: Hilo ungelisema mwanzo. Mizizi iliyokosa hewa haifyonzi vizuri, na naitreti, ile nitrojeni iliyomo ndani ya CAN, hupotea kwenye udongo uliojaa maji. Chimba mfereji kabla ya kufungua mfuko wowote.

Kijana_wa_Kabete: Kisha urea, uifukie.

Mama_Kamulu: Kisha CAN, maji yakishapungua.

Mkulima_Ruai: Nimeazima jembe. Mfuko bado sijanunua.