Mkandarasi kafuta data za maduka yetu ya dawa, sasa anasingizia "programu ya bure"

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Tulilipa kampuni moja itufungie klasta ya Kubernetes (kundi la seva zinazoendesha programu kwa pamoja) kwa ajili ya mfumo wa mauzo. Upande wa kuhifadhi data wakaweka Longhorn, na hilo sina ugomvi nalo: ni programu huria, ilianzia Rancher Labs, na tangu 2019 iko chini ya CNCF, taasisi inayolea programu huria za aina hii. Wiki iliyopita fundi wao akaingia "kufanya usafi", akapiga `kubectl delete namespace`, amri ya kufuta sehemu nzima ya klasta na vyote vilivyomo, palepale ilipokuwa hifadhidata yetu ya PostgreSQL. Podi (programu zilizokuwa zikiendeshwa humo) zikazimika, PVC (ombi la nafasi ya kuhifadhi data) ikaondoka, volyumu (diski yenyewe yenye data) nayo ikafutika.

Sababu ni kwamba reclaimPolicy, yaani sera ya volyumu ifanywe nini PVC ikiondoka, waliiacha kwenye Delete (ifutwe). Nyaraka za Kubernetes zinasema waziwazi: StorageClass (maelezo ya aina ya hifadhi) usipoiandikia sera, inachukua Delete. Mtu anakuandikia ankara ya mamilioni halafu hilo halijui?

Nikawapigia simu. "Usiwe na wasiwasi, data ina replika tatu." Jamani! Replika, yaani nakala za data kwenye seva tofauti, zinakuokoa diski ikifa au seva ikizimika. Amri ya kufuta ikitoka, zinafutwa zote tatu kwa mkupuo. Snapshoti (taswira za data ilivyokuwa wakati fulani) nazo hukaa ndani ya volyumu hiyohiyo, kwa hiyo zimekwenda nayo. Kinga ya kweli ni bakapu, na Longhorn inayo: unaielekeza kwenye hifadhi ya mtandaoni ya S3 au NFS nje ya klasta, unapanga ratiba, basi. Nimefungua ukurasa wa bakapu, mtupu. Hata mahali pa kupeleka hapakuwa pamejazwa.

Walipobanwa wakageuza kibao: eti hizi programu za bure ndivyo zilivyo, hazina wa kulaumiwa. Huo ni uongo, na unawaharibia jina watu waliojenga kitu kizuri wakakitoa bila kudai senti. Programu imetii amri iliyopewa. Hela tuliwalipa ninyi, kwa kazi ya kuifunga inavyotakiwa.

Sasa hivi wauzaji wetu wanaingiza mauzo upya, risiti moja moja za EFD, nyingine wino umeshafifia hausomeki. Wateja wanasubiri foleni.

Tunadai fedha zetu na maelezo ya maandishi. Nanyi wenye klasta mliofungiwa na watu, pigeni `kubectl get pv` leo hii, mwangalie safu ya RECLAIM POLICY. Mkikuta Delete kwenye hifadhidata, ibadilisheni iwe Retain (ibaki), kisha mwulizeni aliyewafungia bakapu inakwenda wapi na mara ya mwisho kuirejesha kwa majaribio ilikuwa lini.