Jina la babu, makaburini Taveta

MJOMBA (Taveta): Habari za asubuhi wana wa nyumbani. Nawakumbusha tena, Jumapili ya pili ya Novemba ndio ile ibada pale makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maombi kwanza, halafu saa tano kamili watu wananyamaza dakika mbili, halafu maua. Mwaka huu majirani wameniomba niseme neno kama mtu wa hapa. Sikutaka kukubali kabla sijawauliza nyinyi, maana neno lenyewe nataka liwe la babu yetu

NEEMA: Shikamoo mjomba. Babu yupi? Si pale wamezikwa wazungu?

MJOMBA (Taveta): Marahaba mama. Wengi pale ni wa Afrika Kusini, walikufa vitani kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, na wengine mwezi uliofuata hapo vilima vya Latema na Reata. Babu hayuko pale. Hiyo ndio nataka kusema, kwamba hayuko

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Kama hayuko mnaenda kumlilia nani

MJOMBA (Taveta): Dada ningependa uje

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Mimi siji. Tena nitasema ukweli msinikasirikie. Nyanya alikuwa tumboni wakati wanamchukua baba yake, hii habari alitupa sisi mara nyingi nyinyi wadogo hamjazaliwa, walikuja na chifu wakashika vijana yeye na mdogo wake wakaambiwa mtabeba mizigo mpaka hapo mbele tu halafu mrudi kwenu, hapo mbele ikawa ni kuvuka kwa Wajerumani, ikawa ni Rufiji, mvua juu na maji mpaka kiunoni na chakula ni unga haujaiva kwa sababu kuni zimelowa, na mdogo mtu ndiye alirudi peke yake miguu imeliwa na funza, akasema kaka nilimwacha chini ya mti anaharisha damu nikaambiwa chukua mzigo wake uongeze kwa wako twende. Hakuna aliyechimba shimo. Hakuna. Sasa mimi nivae vizuri nikasimame mbele ya mawe yaliyosuguliwa ya watu wenye majina yao, nitasimama vipi

NEEMA: 😢 mama mkubwa sikuwa najua hii yote

BINAMU (Moshi): Jamani. Pole sana mama mkubwa.

KAKA (Nairobi): Mama naomba niseme kitu. Hata hao wenye makaburi wamekubali walikosea. Ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti Aprili 2021 wakaomba msamaha. Walisema watu wasiopungua 116,000 na huenda wakafika hata 350,000 hawakuandikwa majina yao popote ama hawakukumbukwa kwa njia yoyote, na wapagazi wa huku kwetu wako wengi sana humo. Na haikuwa kusahau tu. Watu walikaa mezani wakaamua. Gavana Mwingereza wa Gold Coast, Ghana ya sasa, wakati huo alisema mwenyeji wa kawaida hataelewa jiwe la kaburi wala hataona thamani yake

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Hataelewa?

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Mtu wa Taita hataelewa kuweka mtu wake mahali? Sisi ambao wazee walikuwa wanafukua fuvu la mzee wanalipeleka pangoni, kila ukoo na pango lake, unajua huyu ni nani na huyu ni nani na anaangalia wapi. Nyanya alikuwa akisema baba yake ndiye pengo kwa lile pango. Hakufika. Hiyo ndiyo iliyomuuma mpaka anakufa, sio hata kifo chenyewe

MJOMBA (Taveta): Basi dada hayo uliyoandika ndiyo neno langu. Sina lingine la kuwaambia

NEEMA: Mimi kila siku nashukia Kariakor kwenda kazini na sikuwahi kujiuliza hilo jina limetoka wapi

KAKA (Nairobi): Ni wao Neema. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza ni Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza, kambi yao ilikuwa hapo. Na Kariakoo ya Dar ni hivyo hivyo. Ile sanamu ya askari ya Kenyatta Avenue pia ukiisoma chini wapagazi wametajwa, wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini jina la mtu hata mmoja hamna

BINAMU (Moshi): Mniruhusu na mimi. Babu mzaa babu upande wa baba yangu alibebea Wajerumani. Naye hakurudi. Nikiwa mdogo nilidhani kwa vile walikuwa upande ulioshindwa ndiyo maana hatumtaji, baadaye nikaona hata nyinyi mlioshinda hammtaji wenu. Nawaza labda hao wawili walipita njia moja ile ile, mmoja wiki hii mwingine wiki inayofuata, wakanywa maji ya mto mmoja.

MJOMBA (Taveta): Na wewe uje. Jina la wa kwenu nalo lisemwe

MAMA MDOGO (Voi): Mtasema na la yule wa Wajerumani kwa ibada ya Waingereza? Hamtaudhi watu?

MJOMBA (Taveta): Kwani alipenda kwenda? Hata wetu hakupenda. 1915 ilitoka sheria ya kuchukua watu kwa nguvu na 1917 ndio ikazidi, vijiji vikafagiliwa. Mpagazi hana upande mdogo wangu

MAMA MDOGO (Voi): Hapo umenifunga mdomo

MAMA MDOGO (Voi): Na wale askari Wahindi wa Maktau je, kuna makaburi yao pale karibu na reli, nimepita miaka yote naona tu ukuta na hakuna mtu anasimama

MJOMBA (Taveta): Hao nitawataja

NEEMA: Mjomba swali. Kwa nini ni Novemba? Babu alikufa Novemba?

MJOMBA (Taveta): Hatujui alikufa lini mama. Novemba ni kwa sababu vita vya Ulaya viliisha tarehe 11 Novemba 1918 saa tano asubuhi

KAKA (Nairobi): Lakini huku havikuisha siku hiyo, na hii kitu hunisumbua kila mwaka nikisikia hizo dakika mbili. Von Lettow, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku, habari ilimfikia siku mbili tatu baadaye akiwa Zambia ya sasa, na kuweka silaha chini aliweka tarehe 25 Novemba pale Abercorn, siku hizi ni Mbala. Wiki mbili nzima. Huko Ulaya kengele zinalia watu wanakumbatiana na huku kuna mtu bado ana mzigo kichwani hajaambiwa kitu

BINAMU (Moshi): Duh.

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Rudia hiyo tarehe

KAKA (Nairobi): 25 Novemba mama

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Basi sikilizeni. Hiyo Jumapili ya Taveta nendeni, sitawazuia, na hao vijana wa Afrika Kusini walikuwa watoto wa watu, mama zao walilia kama nyanya wa nyanya alivyolia, muwawekee maua na msifanye haraka. Mimi magoti hayanipeleki huko chini na roho pia bado. Lakini tarehe 25 mje huku juu nyumbani wote, tutaenda mpaka pale pangoni, hatuingii tunasimama tu nje, na tutamwambia kwamba imekwisha

MJOMBA (Taveta): Dada 🙏🙏

MAMA MDOGO (Voi): Nimeshika simu nalia kwa duka la watu

NEEMA: Mimi naja zote mbili. Naomba ruhusa kazini kuanzia leo

BINAMU (Moshi): Tarehe 25 nitavuka na baba yangu. Ana miaka 81 lakini nikimwambia hii atakuja hata kwa kubebwa.

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Karibuni sana mwanangu, mwambie baba yako chumba cha chini ni chake asihangaike na ngazi

KAKA (Nairobi): Mama na Jumapili kule Taveta tufanye nini na jina? Mjomba aseme babu wa ukoo tu ama aseme lenyewe?

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Lenyewe. Na la baba yake. Ukisema babu wa ukoo ni yule yule asiye na jina mmemrudisha. Na asisome mwanaume, wanaume ndio walimchukua. Asome Neema

NEEMA: Mimi???

MJOMBA (Taveta): Nakubali. Mimi nitasema yangu halafu nimpishe yeye kabla ya kunyamaza

NEEMA: Mama mkubwa naogopa kukosea mbele ya watu

MAMA MKUBWA (Wundanyi): Utakosea ndio kwa sababu hata hao ndugu zako wanalitamka vibaya, hapo katikati kuna mvuto na nyinyi watoto wa mjini mnaukata. Nipigie jioni nikishamaliza kukamua, nitalisema polepole uwe unalirudia mpaka likae

NEEMA: Sawa mama mkubwa. Saa moja nitapiga