Morgon, Côtes du Rhône au Médoc kwa bega la kondoo?

Kizibo: Wakuu, heshima kwenu. Niko Lyon, Jumamosi nina wageni sita. Tutaanza na soseji kavu za hapa, kisha bega la kondoo la kuoka kwa vitunguu saumu. Nina aina tatu za mvinyo mwekundu, zote chini ya yuro 20 kwa chupa, na jana nimezionja kwa zamu, kidogo kidogo (mke wangu shahidi).

Morgon ni zabibu aina ya Gamay tupu. Rangi inapitisha mwanga, harufu ya cheri na udongo uliolowa, inateremka bila ugomvi. Côtes du Rhône ni Grenache na Syrah: plamu iliyoiva, pilipili manga inakuja mwishoni, kilevi asilimia 14.5, kifua kinapata moto. Médoc, Cabernet Sauvignon na Merlot, inanukia zambarau na penseli iliyochongwa sasa hivi, lakini ulimi ulikauka kama nimekula bibo. Nifungue ipi?

Pwani_Moja: Huo ukakasi ndio tanini, inatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na kwenye pipa la mwaloni. Inashikana na protini ya mate, kinywa kinakauka. Ukila na nyama yenye mafuta, makali yanapungua. Médoc kwa kondoo, hakuna mjadala. Mji wa Pauillac uko hukohuko Médoc, unakotoka mvinyo huo, na kondoo wake wana jina Ufaransa nzima.

Mama_Achari: Hakuna mjadala kwa nani? Waswahili sita mezani, pilipili isitokee? Tanini na kilevi juu ya pilipili ni kumwagia moto mafuta ya taa. Na mimi niliwahi kuweka mvinyo mzito wa hivyo mbele ya samaki wa kupaka. Kinywa kilibaki kama nimelamba msumari. Morgon, mwanangu. Iweke kwenye friji nusu saa, ishuke hadi nyuzi 13 au 14 hivi.

Mzee_wa_Pipa: Gamay! Mwaka 1395 Mtawala Philippe wa Burgundy aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe kwenye ardhi yake. Kusini kidogo, eneo la Beaujolais, kwenye mawe ya granaiti, ndiko ilikopata kwao. Ila msiichanganye Morgon na ile Nouveau, mvinyo mchanga unaotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, unaonukia ndizi mbivu. Morgon ni kati ya maeneo 10 ya Beaujolais yanayoweka jina lao wenyewe kwenye lebo, na chupa nzuri hukaa miaka.

Pwani_Moja: Mama, kwenye samaki nimekubali. Kwenye kondoo sirudi nyuma.

Tembo_Mdogo: Mbona mmeiruka Côtes du Rhône? Mimi naishushia pilau ya bizari nyembamba na hainiangushi. Ila usiiache ikakaa karibu na hita, kilevi hicho kikipata joto utanusa spiriti tupu. Nyuzi 16 zinatosha.

Kizibo: Mrejesho, Jumapili. Morgon iliisha na soseji, kondoo bado yuko kwenye oveni. Médoc niliimimina kwenye jagi muda wa saa mbili kabla ya kula. Ukiinywa na kipande chenye mafuta, ukakasi unalainika kweli. Pwani_Moja, hapo umepata.

Kisha shemeji akatoa kichupa cha pilipili kwenye mfuko wa koti. Koti! Tonge la pili, funda la Médoc, jasho. Wote wakauliza ile nyepesi iko wapi. Wakahamia Côtes du Rhône, shemeji akahamia maji. Nusu ya Médoc ipo, nimeifunga kizibo, na kuna mfupa wa kondoo kwenye friji.